Dakika Nane za Alunguli

Kindu, Kasuku, 11 Februari 2001

Kwa mwipwa wangu Nuru, Lubumbashi.

Assalaam alaykum. Baada ya hiyo nakuuliza hali, na baada ya hali nakuuliza kama unakula. Sisi huku ni wazima kwa kiasi tulichoachiwa. Mama yako Halima hajambo, ila mguu wake wa kushoto unamsumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haina kazi nyingine. Chumvi imekuwa dawa, tunaionja kwa ncha ya kidole. Gari-moshi halijaonekana tangu vita vianze, na majani yameota katikati ya reli yakakupita wewe kwa urefu. Miaka thelathini nimetengeneza saa za reli, leo nimestaafishwa na majani.

Sasa nisikilize. Unajua mji wetu umekatwa na mto. Sisi tuko Kasuku, mashamba ya muhogo yako ng'ambo, Alunguli. Askari wanaotushikilia wametoa amri kwamba ikifika saa kumi na moja jioni, ile 17h00 yetu ya reli, maji yanafungwa. Mtumbwi unaoonekana mtoni baada ya hapo unahesabiwa kuwa wa adui, nao hawaulizi mara mbili. Saa wanayoitazama ni ile kubwa waliyoitundika bandarini, na mimi ndiye niliyeamriwa kuitia ufunguo. Ng'ambo watu wanatazama saa ya ukutani ya mwalimu Nestor, pale shuleni kwake. Mama yako na wenzake wanaondoka Alunguli 16h45: dakika kumi za maji, dakika tano za salama.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Je, saa ya Nestor na saa ya bandarini zinasema neno moja? Saa za mkono na redio zote zimechukuliwa, hata wanawake wanapekuliwa. Kugonga kipande cha reli kumekatazwa, kumulika kioo kumekatazwa, eti tunawapa ishara wapiganaji wa porini. Kivuli cha adhuhuri kinatosha kwa sala, hakitoshi kwa bunduki. Na mimi mwenyewe siruhusiwi kuvuka, maana sasa ni fundi wa jeshi, cheo ambacho sikukiomba. Wewe unayesoma fizikia, waulize walimu wako: saa mbili zisizoonana zinalinganishwa namna gani?

Barua hii anaileta Mama Jeannette. Anapeleka mchele Bukavu, kisha atazunguka kwa Kigoma na Zambia mpaka kwenu. Usimkawize.

Mjomba wako,
Zuberi Ramazani


Lubumbashi, 20 Aprili 2001

Mjomba,

Salamu kwenu nyote. Mama Jeannette yuko mlangoni na mzigo wake kichwani, kwa hiyo naingia kwenye jambo moja kwa moja.

Swali lako ndilo tunalolisoma mwaka huu. Mwalimu wetu ametuchorea gari-moshi linalopita stesheni, na saa zimepangwa kando ya reli, nikakukumbuka mpaka nikataka kucheka darasani. Jibu lipo, na ni jepesi. Tuma ishara kutoka kwako, uandike saa yako inapoondoka. Nestor aandike saa yake inapomfikia, kisha airudishe palepale. Ikikufikia, uandike saa yako tena. Chukua muda wote wa safari, ugawe kwa mbili, uongeze kwenye saa ya kuondoka. Hiyo ndiyo saa ambayo Nestor alipaswa kuiandika. Kama aliandika nyingine, airekebishe kwa tofauti hiyo.

Wanafizikia wanatumia mwanga. Wewe tumia chochote kinachovuka, hata karatasi ndani ya mtumbwi.

Mwambie Mama nimefaulu mtihani. Nitaandika kwa kirefu siku nyingine.

Nuru


Kindu, 2 Julai 2001

Mwipwa wangu Nuru,

Amani iwe juu yako na juu ya jiko lako. Hapa tumepoteza paa la jikoni kwa upepo, na mbuzi wa jirani kwa askari. Mama yako amecheka siku nzima kwa habari ya mtihani, halafu akalia kidogo, halafu akaenda shamba. Mguu ni uleule.

Kabla ya yote nikugombeze. Barua yako imekuja kama amri ya mkuu wa stesheni: ondoka, fika, rudi, gawa. Salamu mstari mmoja! Haraka haraka haina baraka. Sisi tulilelewa kwamba barua ni mtu amefika mlangoni, na mtu akifika huanza na salamu, tena humuulizi shida yake kabla hajakaa. Babu yako alikuwa akisoma barua kwa sauti, na kila salamu aliijibu kwa mdomo kama vile mwandishi yuko mbele yake, wala hakuruka mstari kutazama mbele. Mimi nasoma vilevile mpaka leo. Mama yako anaketi kando na kuitikia. Barua yako tulimaliza kuiitikia kabla hajapata kigoda.

Hesabu yako nimeielewa na nimeipenda. Nimekwenda kwa kamanda kuomba ruhusa ya karatasi kuvuka. Akaniuliza, «Karatasi ya namba tupu? Unaniona mimi mutoto?» Amekataa. Lakini anabadilishwa kila baada ya miezi miwili, nitamngoja mwenzake.

Kuhusu gari-moshi la mwalimu wako, mwambie la kwetu limesimama tangu mwaka wa tisini na nane. Aje atuchoree lile.

Zuberi


Lubumbashi, 2 Septemba 2001

Kwa mjomba wangu mpenzi, Fundi Zuberi Ramazani, mwenye mikono isiyotetemeka.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifikia juzi, na kemeo lako limenifikia pamoja nayo. Basi kaa kitako, Mjomba, vaa miwani, leo nakuja mlangoni kama mtu aliyelelewa.

Hujambo wewe? Na macho? Na kile kikohozi cha kiangazi? Na kibanda chako cha saa bado hakivuji? Wale njiwa wa juu ya paa, wapo au wameliwa? Jirani yetu Mama Bibiche hajambo na wajukuu? Mzee Abdoul mpiga kasia, mgongo wake umeshakubali? Mwalimu Nestor hajambo, na binti yake Élisabeth ameshaanza kusoma? Mchele umetoka vizuri mwaka huu? Na mawese mnapata? Je, mnaadhiniwa bado kwa sauti, au mnaitwa kwa kunong'ona? Paa la jikoni limerudi? Na yule mbuzi, niwape pole jirani. Nawasalimu wote kwa majina, na wale niliowasahau wajue kwamba ni karatasi iliyokwisha, si moyo. Na Mama, hajambo? Mpe salamu zangu.

Sasa upande wa pili wa karatasi, jambo lenyewe, na ni la haraka.

Mjomba, usiitumie ile hesabu na mtumbwi. Nilikuandikia nusu ya somo. Jana mwalimu ametueleza sharti lake. Kugawa kwa mbili kunafaa tu ikiwa kwenda na kurudi kunachukua muda sawa. Kwa mwanga wanafizikia wamekubaliana kuuhesabu hivyo. Mtumbwi haukukubaliana na mtu. Kama kwenda ni kupanda mto na kurudi ni kushuka, jibu litakuwa la uongo, na utaiharibu saa iliyokuwa nzima.

Tena hata kwenye mwanga kuna ajabu. Taa mbili zikiwaka kwenye ncha mbili za stesheni, aliyesimama katikati ataona zimewaka pamoja. Aliye ndani ya gari-moshi linalokimbia atasema ile ya mbele imetangulia. Na wote wawili wana haki. Hakuna «wakati mmoja» uliotundikwa mahali kama saa ya bandarini. Kila msafiri ana wake. Ila mwalimu amesema jambo lililosababisha jingine haliwezi kupinduliwa. Barua haiwezi kufika kabla ya kuandikwa.

Tafadhali acha ile hesabu mpaka nikupatie njia nyingine.

Nuru wako


Kindu, 9 Novemba 2001

Mwipwa wangu,

Salamu za leo ni fupi, nawe utajua kwa nini. Mimi ni mzima. Nyumba ipo.

Mama yako Halima ametutangulia, siku ya Alhamisi tarehe 25 Oktoba, jioni, mtoni, akirudi kutoka shamba. Walikuwa watatu ndani ya mtumbwi. Mzee Abdoul na Mama Bibiche walijitupa majini na wameishi. Yeye, kwa mguu ule, hakuweza. Tulimpata kesho yake kwenye matete chini ya bandari na tumemzika kwa heshima zote, karibu na baba yako. Mwalimu Nestor alipewa ruhusa kuvuka, akasimama makaburini na kofia yake mkononi.

Alichelewa kuvuka. Maji yalikuwa yamefungwa.

Ramadhani inakaribia. Muombee. Usijaribu kuja, njia haipo.

Zuberi


Lubumbashi, 14 Januari 2002

Mjomba,

Nakusalimu, na najibu salamu zako, maana najua utaangalia. Nimepata barua yako tarehe saba. Siku sabini na nne Mama alikuwa amekufa na mimi namnunulia kitenge. Nilimchagulia chenye rangi ya kijani. Nilikuwa nabishana na muuzaji juu ya rangi.

Sielewi, Mjomba. Mama aliyefika msikitini kabla ya mwenye ufunguo, mama aliyenipeleka shuleni kukiwa hakujapambazuka, ndiye aliyechelewa? Kwa nini asitazame saa? Nimemkasirikia, na aibu ya kumkasirikia marehemu imenishika, lakini hasira haiondoki. Alijua ni bunduki. Kwa mihogo mitatu ya ziada akaniacha hivi.

Nataka kujua mambo mawili. La kwanza, ilikuwa saa ngapi hasa? Nahesabu siku ile kutwa. Nilikuwa na maabara mpaka saa kumi, halafu nilikwenda sokoni, halafu tulikaa na Déborah, mwenzangu wa chumba, tukicheka sijui nini. Nataka kujua alipokuwa anakufa mimi nilikuwa nafanya nini. Najua nimekuandikia kwamba hakuna wakati mmoja. Nautaka hivyohivyo.

La pili, barua yangu ya Septemba ilifika? Lini?

Nuru


Kindu, 30 Machi 2002

Nuru mwanangu,

Nakusalimu sana. Kikohozi kimepoa. Paa la jikoni tumeliezeka kwa majani.

Barua yako ya Septemba ilifika. Salamu zako zote nilizijibu.

Kuhusu saa, usiniulize tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Soma, maliza, uwe mwalimu.

Zuberi


Lubumbashi, 6 Mei 2024

Mjomba wangu Zuberi,

Assalaam alaykum. Nakuuliza hali ya mwili, ya macho, na ya masikio, ingawa masikio najua yamekwenda. Ndiyo sababu nimerudi kwenye karatasi. Mwaka jana kwenye simu nilikuita mara kumi na nne, nawe ukanijibu kikwetu, «Wewe njo nani? Sema nguvu.» Nikakata, nikalia. Wanangu hawajambo, mkubwa amemaliza sekondari. Bado nafundisha fizikia, na kila mwaka nikifika kwenye somo la saa na gari-moshi namwachia mwenzangu, nikisema naumwa kichwa.

Wiki iliyopita nilipata mgeni. Ni Élisabeth, binti wa mwalimu Nestor wa Alunguli, naye sasa ni mama mtu mzima. Baba yake amefariki baada ya Pasaka, bila shaka umesikia. Ndani ya saa ya ukutani walikuta bahasha yenye jina langu. Ndani ya bahasha mna karatasi moja, nyembamba, yenye mikono miwili ya maandishi. Nakuandikia kama ilivyo.

Mkono wako: «24 Oktoba. Imeondoka kwangu 9h00.»
Mkono wa Nestor: «Imefika kwangu 9h26.»
Mkono wako tena: «Imerudi 9h36. Nusu yake ni 9h18. Saa yako iko mbele dakika nane. Irudishe nyuma nane.»

Nyuma ya karatasi Nestor ameandika kwa kalamu nyingine: «Nimefanya tarehe 25 asubuhi. Saa yangu ilikuwa sawa. Kwenda dakika 26, kurudi 10. Mungu atusamehe sisi watatu.»

Mjomba, mimi ni mwalimu wa fizikia kwa miaka ishirini. Hesabu ile nimeifanya kabla sijakaa. Bandari ya Alunguli iko juu zaidi mtoni kuliko ya kwetu. Kwenda ni kupanda, kurudi ni kushuka. Ukimfanyia Nestor nusu, unamtoa dakika nane za bure. Mama aliondoka 16h45 kwa saa ya Nestor, na kwa saa ya askari ilikuwa 16h53. Dakika kumi za maji. Alifika na dakika tatu za kufa.

Mama hakuchelewa. Miaka ishirini na miwili nimemwambia kaburini kwamba alichelewa.

Na hesabu ni yangu. «Hata karatasi ndani ya mtumbwi», ni mimi niliyeandika. Sasa naelewa kwa nini ulinyamaza. Ulinificha mimi nisijione. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumefichana mpaka umekuwa kiziwi.

Limebaki swali moja, lilelile. Barua yangu ya Septemba, ile yenye onyo, ilikufikia kabla au baada? Ikiwa baada, kosa ni langu peke yangu, kwa kukupa nusu ya somo. Ikiwa kabla, basi ulijua na ukaacha. Usinijibu kwamba hakuna wakati mmoja. Ajabu ile ya gari-moshi ni ya mambo yaliyo mbali mno na yanayofuatana kwa upesi mno, kiasi kwamba hata mwanga haukuwahi kupita katikati. Mto wetu mwanga unauvuka kabla hujafumba jicho. Kati ya barua ile na risasi ile kuna kilichotangulia, kwa kila msafiri, na wewe unakijua.

Jibu lolote litakuwa zito, basi tulibebe pamoja. Tuligawe kwa mbili, Mjomba, nusu kwako, nusu kwangu.

Élisabeth anarudi Kindu kwa ndege ya Jumanne, atakuletea hii mkononi.

Nuru


Kindu, 1 Juni 2024

Nuru,

Leo siandiki salamu. Utajua mwishoni kwa nini.

Usiniambie tuligawe kwa mbili. Kugawa kwa mbili ndiko kulikomuua Halima.

Nilijua kwamba kwenda Alunguli ni kupanda. Kila mtu wa Kindu anajua, hata bata wanajua. Mzee Abdoul alirudi na karatasi, kamanda mpya akiwa ameiruhusu, akaniambia, «Fundi, kwenda ilinitoa jasho, kurudi mto wenyewe ulinibeba.» Nilimsikia kwa masikio haya yalipokuwa mazima. Lakini hesabu ilisema nusu, na hesabu ilitoka kwako, mtu wa kwanza wa nyumba yetu kusoma chuo. Nilikuwa nimewasomea watu barua ile barazani. Nilijivunia karatasi yako kuliko kasia la Abdoul. Hilo ni langu, si lako. Wewe uliniambia namna ya kupima. Fundi ni mimi.

Karatasi ile haikurudi Alunguli na Abdoul. Asubuhi ya tarehe 25 aliipeleka mama yako, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Mlangoni aliniuliza, «Zuberi, hii njo ya nini?»

«Njo ya saa ya Nestor. Iko mbele.»

«Kama iko mbele, aiache. Tutarudi mapema. Saa ya kukimbia haiue muntu.»

Nikamjibu kwamba saa ni saa, lazima iseme kweli. Akacheka, akasema sawa, mukubwa, akaenda na mguu wake. Nimeishi na «sawa, mukubwa» ile kuliko nilivyoishi na mke wangu.

Sasa swali lako.

Mama Jeannette aliingia kibandani kwangu jioni ileile, 17h00 kasoro dakika tano kwa saa niliyoilinganisha mimi mwenyewe na ya bandarini asubuhi. Akaweka barua yako mezani na kwenda zake. Nilikuwa na dakika nane, Nuru. Kutoka kibandani mpaka bandarini nilikuwa nakimbia kwa dakika nne. Ufunguo wa saa ya bandarini ulikuwa mfukoni mwangu, na ningeweza kuurudisha mshale nyuma kwa kisingizio cha mafuta; kijana wa zamu hakuwa akijua kitu. Ningeweza hata kumpigia magoti. Vitu vyote vya kumwokoa vilikuwa mwilini mwangu, isipokuwa kimoja, nacho kilikuwa upande wa pili wa karatasi.

Mimi nilikaa kitako, nikavaa miwani, kama ulivyoniambia.

Niliisoma barua yako kwa sauti, taratibu, peke yangu. Nilikuwa na furaha. Nilisema moyoni, huyu sasa amelelewa. Ulipouliza kikohozi nilikohoa ili ucheke. Ulipouliza njiwa nilitazama juu ya paa nikahesabu, nikakujibu watano. Mstari wa Nestor niliusoma mara mbili, nikasema hajambo, tena leo nimemtengenezea saa yake. Nilifuta miwani. Sikuruka mstari. Ningeruka mstari mmoja, ningegeuza karatasi.

Mimi ndiye niliyekukemea ukaandika salamu ndefu. Ukanitii. Hilo nalo si lako.

Upande wa pili niliusoma baada ya mazishi. Siku ya tatu Nestor alirudisha saa yake ilivyokuwa, bila kuniuliza, na hatukulizungumza mpaka amekufa. Nilikuandikia kwamba Halima alichelewa kwa sababu sikupata neno jingine ambalo lisingekuonyesha barua yako ya Aprili. Nikamsingizia marehemu, dada yangu, ili wewe umalize shule. Kama kuna adhabu ya hilo, nadhani ndiyo hii ya masikio. Nafungua saa, naona gurudumu linakwenda, silisikii.

Umesema kuna kilichotangulia na mimi nakijua. Nimepiga hesabu hiyo kila jioni kwa miaka ishirini na miwili, na sasa pokea jibu la fundi.

Risasi zilinifikia nikiwa nimemaliza mstari wa mwisho wa upande wa kwanza. Uliandika, «Mpe salamu zangu.» Nilijibu kwa sauti, «Zitafika.» Hapo ndipo nilipozisikia.

Lakini sauti nayo husafiri. Enzi za reli tulipima: kutoka bandarini mpaka kibandani, mlio wa chuma unachukua sekunde mbili. Kwa hiyo risasi zilipigwa sekunde mbili kabla ya masikio yangu. Toa sekunde mbili kwenye kusoma kwangu, unarudi nyuma mstari mmoja. Hukuwa bado umenipa salamu za kupeleka. Ulikuwa umeniuliza, «Na Mama, hajambo?»

Na mimi, wakati uleule, nilikuwa nakujibu, «Hajambo.»

Zuberi